Anayekata Majani ya Gofu Naye Ana Chama Chake

Mtu atokaye kambi ya Rubongi kwenda mjini huuona Mwamba wa Tororo kabla ya kuuona mji wenyewe. Kilele chake ni mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na chini yake umetandazwa uwanja wa gofu wenye mashimo 9. Wapitao njiani huudhania uwanja huo kuwa bustani iliyojiotea, na wachezaji nao, tuseme kweli, wengi wao hawana mawazo tofauti sana na hayo. Mchezaji hufika jua likiwa limekwisha panda, akapiga mpira wake, akalaumu upepo, akaenda zake kunywa chai.

Lakini alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani, wamo watu wengine uwanjani. Mmoja amebeba ufito mrefu wa mwanzi na kuupitisha juu ya majani mafupi yaliyo kando ya shimo, pale wachezaji wanapopaita grini, ili umande uanguke. Maana umande ukikaa mno huzaa kuvu, na kuvu huacha mabaka ya kahawia. Mwingine anasukuma mashine ya kukatia majani. Wa tatu yumo ndani ya shimo la mchanga na reki, anafuta nyayo za jana. Hao ndio tunaotaka kuwazungumzia leo, wao na jamaa zao nyumbani, na habari ya chama ambacho watu wa kazi yao walikiunda mbali na hapa, kikageuza kazi ya kufyeka kuwa kazi yenye daraja na cheti.

Ni vema kwanza tuieleze kazi yenyewe, kwa kuwa wengi huidharau kwa kutoijua. Majani ya grini hukatwa yakabaki na urefu wa milimita 3 hadi 6 hivi. Majani mafupi kiasi hicho ni kama mgonjwa aliye hoi: akikosa maji siku moja hukauka, akipewa kupita kiasi mizizi huoza. Kanuni ya watunza uwanja ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja, na kubadili upande wa kukatia siku hadi siku ili majani yasilale upande mmoja. Mara kwa mara ardhi hutobolewa vitobo ili hewa iingie, kisha hunyunyiziwa mchanga laini na kusawazishwa. Elimu hiyo ya mchanga ni ya zamani. Mzee Tom Morris wa St Andrews, Scotland, aliyefariki mwaka 1908, alisifika kwa kuitumia, naye alianza maisha yake kama fundi wa kutengeneza mipira.

Shimo nalo lina kipimo chake kote duniani: upana wa milimita 108, na kina kisichopungua milimita 101. Halikai mahali pamoja. Mtunza uwanja hulihamisha kila baada ya siku chache, maana nyayo za wachezaji huua majani yanayolizunguka. Anatoa kinyweo cha udongo mahali papya kwa chombo chenye makali ya duara, na kinyweo hicho hicho anakwenda kukizibia shimo la zamani, akakisawazisha kwa kiganja hata mpira ukipita juu yake usitetereke. Akikosea kwa nusu ya unene wa kidole, siku nzima atasemwa na watu wasiojua hata jina lake.

Katika viwanja vingi vya mikoani Afrika ya Mashariki, hasa zamani, pahali pa grini palikuwa pa mchanga uliochanganywa na oili chakavu ya magari, ukashindiliwa ukawa mgumu. Baada ya kila kundi la wachezaji kupita, kijana huusawazisha kwa ubao. Na kila nchi ina mitihani yake. Huko Jinja kumepata kuwa na kanuni mashuhuri ya kwamba mpira ukiingia katika unyayo wa kiboko, mchezaji huruhusiwa kuuinua na kuuweka kando bila adhabu. Kwetu Tororo kiboko si tatizo. Mchwa ndio tatizo, na mvua za masika zinazootesha magugu usiku mmoja. Uwanja ukiachwa bila kukatwa kwa mwezi mmoja wa mvua, utaona ng'ombe ndani yake.

Sasa tuje kwenye habari ya uanachama.

Gofu iliingia nchi zetu pamoja na utawala wa Waingereza. Uwanja wa Entebbe huhesabiwa miongoni mwa viwanja vya kwanza kabisa, mwanzoni mwa karne ya 20. Klabu ya Nairobi iliyokuja kupewa jina la Royal ilianzishwa mwaka 1906. Reli ilipofika Tororo kutoka Kenya na kuendelea hadi Kampala mwaka 1931, na kiwanda cha saruji kilipojengwa katika miaka ya 1950, mji huu ulipata maofisa, mainjinia na wafanyabiashara. Katika klabu za zama hizo Mwafrika alikuwa mbeba mikoba au mkata majani. Jina lake halikuandikwa katika daftari la wanachama, ila katika daftari la mishahara.

Baada ya uhuru milango ikafunguka polepole. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia kwa muda wa siku 90, klabu za miji kama Tororo, Mbale na Jinja zilipoteza wanachama wengi kwa mkupuo mmoja. Waliobaki na ujuzi wa uwanja mara nyingi hawakuwa wanachama. Walikuwa wale wale wakata majani. Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Uganda waliokuja kupata sifa baadaye walianza kwa kubeba mikoba ya wengine.

Wala ubaguzi huo haukuwa wa Afrika pekee. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kilikuwa na kifungu katika katiba yake kilichoruhusu Wazungu tu, na hakikufutwa hadi mwaka 1961. Klabu ya St Andrews, iliyoanzishwa mwaka 1754 na ambayo kwa muda mrefu ilikuwa mtunga sheria za gofu duniani, haikuruhusu mwanamke kuwa mwanachama mpaka kura ya Septemba 2014. Miaka 260! Mama wa Uganda na Kenya walikuwa wamekwisha kuwa na vyama vyao vya gofu, na kushika vikombe, kabla ya mwanamke mmoja kukubaliwa katika klabu ile.

Hayo ni mabadiliko ya wachezaji. Mabadiliko ya wafanyakazi yalitangulia, na hayakutangazwa sana. Tarehe 13 Septemba 1926, watunza viwanja 60 walikutana katika klabu ya Sylvania mjini Toledo, jimbo la Ohio, Marekani, wakaunda chama chao cha taifa. Mwenyekiti wao wa kwanza alikuwa John Morley, mtunza uwanja wa mji wa Youngstown. Hawakuwa wasomi wakubwa. Wengi walikuwa watu wa mashamba waliojifunza kazi kwa mikono. Katika madhumuni waliyoyaandika, waliweka kukusanya na kugawana maarifa ya kazi, na kuwaunganisha watunza viwanja wa Marekani na Kanada. Lakini waliweka pia jambo ambalo msomaji wa ukurasa huu wa nyumbani atalielewa upesi kuliko mchezaji: msaada kwa mwenzao aliyepata ulemavu, na kwa jamaa ya mwenzao aliyefariki.

Mwaka uliofuata, 1927, wakaanza kuwa na gazeti lao. Gazeti la chama cha namna hiyo ukilisoma huenda ukaona halina ladha: fulani amejiunga kutoka mji fulani, fulani amepanda kutoka daraja la msaidizi na kuwa msimamizi kamili, fulani amehamia klabu nyingine, fulani amestaafu, fulani ametutoka. Lakini mtu aliyekata majani miaka 20 bila jina lake kuandikwa popote ataisoma orodha hiyo kwa jicho jingine. Chama kilibadilisha jina mara mbili, na tangu mwaka 1951 kimeitwa chama cha wasimamizi wa viwanja vya gofu wa Marekani. Mwaka 1971 kikaanza kutoa cheti cha ubingwa kwa wanaofaulu mitihani na ukaguzi wa viwanja vyao. Leo kina wanachama maelfu, katika nchi zaidi ya 70. Uingereza nako, ambako watunza viwanja walianza kujikusanya tangu mwaka 1912, vyama vitatu vilivyokuwa vimetengana viliungana kuwa kimoja mwaka 1987.

Siri ya vyama hivyo imo katika ngazi. Mwanachama huingia kwa daraja la chini, kama mwanafunzi au msaidizi. Hapandi kwa sababu ya umri wala kwa kujulikana na nahodha wa klabu. Hupanda kwa miaka ya kazi iliyothibitishwa, kwa masomo aliyohudhuria, na kwa kuonyesha kwamba anajua kutumia dawa za mimea bila kudhuru watu. Askari hahitaji kuelezwa jambo hili. Kuruta hawi koplo kwa kukaa kambini tu. Tofauti ni kwamba askari akipata tepe kila mtu huiona begani, ilhali mkata majani aliyefikia ubingwa huvaa ovaroli ile ile.

Tuchukue mfano wa kubuni, wala asidhani mtu kwamba tunamsema yeye. Sajini mmoja amestaafu, amejenga nyumba yake Rubongi, mkewe analima muhogo na mtama, watoto wawili bado wako shuleni. Tumwite Baba Ochwo. Amepata kazi ya kutunza uwanja wa gofu. Mshahara si mkubwa, lakini asubuhi anatoka nyumbani na saa nane mchana amerudi.

Jioni moja Mama Ochwo anashika fulana ya mumewe na kuinusa. "Baba Ochwo, nguo hii inanuka dawa. Nikaifulie wapi?"

"Fua pamoja na nyingine, Mama. Ni dawa ya majani tu, si ya watu."

Hapo ndipo Baba Ochwo, pamoja na nidhamu yake yote ya jeshi, amekosea. Dawa iuayo mdudu au gugu haiulizi kama iko juu ya jani au juu ya ngozi ya mtoto. Nguo ya kupulizia dawa ifuliwe peke yake, kwa maji mengi na sabuni, mara mbili, katika beseni lisilotumika kwa jambo jingine. Afuaye avae glavu za mpira. Maji yake yasimwagwe karibu na kisima wala mtoni. Kisha ianikwe juani. Mwenyewe aoge kabla ya kumpakata mtoto na kabla ya kushika chakula au sigara. Bomba la kupulizia lisilale ndani ya nyumba. Chupa ya dawa ikiisha isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe ndani ya bomba yakapuliziwe uwanjani, kisha chupa itobolewe. Tunasisitiza kutobolewa, kwa kuwa chombo kizima kitaokotwa tu, na kesho utakiona sokoni kina mafuta ya taa au maziwa.

Na kama mtu amemeza dawa, asipewe maziwa kwa imani kwamba maziwa huvunja sumu. Hayavunji. Asilazimishwe kutapika pia, maana dawa nyingine huunguza koo mara ya pili. Apelekwe hospitali mara moja, na karatasi ya chupa ichukuliwe, kwani daktari atafanya kazi haraka akijua ni dawa gani.

Jambo jingine linalogusa nyumba ni maji yaliyotuama. Tororo imejulikana kwa miaka mingi kuwa moja ya wilaya zenye malaria nyingi kupita kiasi, na ndiyo sababu upuliziaji wa dawa ndani ya nyumba ulianzishwa wilayani mwishoni mwa mwaka 2014. Mbu wa malaria hupenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi juani: alama ya gurudumu la mashine, shimo la mchanga lililoziba, mfereji usio na mteremko. Mtunza uwanja anayesafisha mifereji yake kabla ya mvua huwafanyia majirani wema ambao hautawekwa katika hesabu ya klabu.

Sasa fedha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 nchini Uganda, kila mwajiri wa sekta binafsi, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anawajibika kumwandikisha mfanyakazi huyo katika mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yaani NSSF. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5, na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo mtu wa mshahara wa shilingi 200,000 hukatwa 10,000, mwajiri huongeza 20,000, na mwezi mmoja huwa na akiba ya 30,000. Baba Ochwo anaweza kudhani kwamba pensheni yake ya jeshi inatosha, na kwamba kuuliza habari hii ni kujitafutia ubaya kwa mwajiri. Mama Ochwo na aulize. Mtu mmoja akiuliza huonekana mkorofi. Watu sita wakiuliza kwa barua moja yenye sahihi zao hujibiwa. Ndiyo maana ya chama, hata kabla ya kuwa na katiba na muhuri.

Uwanja wa mashimo 9 hauna watu wengi. Lakini kutoka Tororo hadi Mbale si mbali, na Jinja iko kwenye barabara ile ile ya Kampala. Ukivuka mpaka wa Malaba au Busia kuna viwanja vya Kakamega, Kisumu na Kitale. Wachezaji wa pande hizo hutembeleana kwa mashindano tangu zamani, wakasahau mpaka. Kwa nini watunza viwanja wao wasitembeleane nao? Mtu wa Kitale, kwenye baridi, ana mambo ya kumwambia mtu wa Kisumu kuhusu mbegu na mbolea, na wote wawili wana la kujifunza kwa mtu wa Tororo kuhusu mchwa. Wale wa Toledo walikuwa 60 tu. Morley mwenyewe alikuwa ameanza na chama cha mtaani cha mji wa Cleveland na viunga vyake, miaka mitatu kabla ya chama cha taifa.

Habari ya cheti nayo si ndoto. Sheria ya elimu ya ufundi ya Uganda ya mwaka 2008 ilifungua njia ya kumpima mtu ujuzi alioupata kazini, si darasani tu, akapewa hati. Mtu aliyetunza grini kwa miaka 10 anajua udongo, mashine, mabomba ya maji na dawa. Hizo ni kazi nne, na kila moja inatafutwa mahali pengine: katika mashamba ya maua, katika hoteli, katika viwanja vya mpira, hata katika makambi.

Wanajeshi wasidhani gofu ni mchezo wa raia wenye fedha pekee. Jijini Dar es Salaam, katika kambi ya Lugalo, Jeshi la Wananchi wa Tanzania lina klabu yake ya gofu, ambamo askari na raia hucheza bega kwa bega, wanaume na wanawake, na ambamo hushindaniwa kombe la Mkuu wa Majeshi. Palipo na uwanja wa jeshi pana majani ya kukatwa, na anayejua kuyakata kwa kipimo hapatikani njiani.

Limebaki neno kuhusu watoto. Siku za Jumamosi vijana hukusanyika penye viwanja vya gofu wakitafuta mikoba ya kubeba. Fedha za siku moja humpendeza mtoto, na wakati mwingine humpendeza mzazi pia. Lakini Jumamosi huzaa Ijumaa, na Ijumaa ni siku ya shule. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya Uganda ya mwaka 2016 yaliweka miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Ochwo ana miaka 13. Kama anaupenda uwanja, baba yake na amchukue likizo moja asubuhi, asimkabidhi mkoba, amkabidhi kile chombo cha duara cha kutobolea shimo, amwonyeshe namna ya kukizungusha bila kukikandamiza upande mmoja.

Kijana atatoa kinyweo cha kwanza kikiwa kimevunjika. Cha pili kitatoka kizima. Atakibeba kwa mikono miwili mpaka penye shimo la jana, akiogopa kisimponyoke, na baba atapiga magoti kando yake kumwonyesha jinsi ya kukibana mpaka kilingane na majani mengine, kabla ya wachezaji wa kwanza kufika saa moja.